Konrodi ya Nukta Tatu

Habari ya kifo cha baba ilinikuta nimeshika konrodi mbili, moja kila mkono. Simu ilikuwa mfukoni mwa ovaroli, na kaka yangu mkubwa si mtu wa kupiga saa nne asubuhi siku ya Jumatatu, kwa hiyo nilijua kabla sijapokea. Nikazilaza zile konrodi juu ya katoni, nikafuta mikono, nikapokea. Aliongea kwa kifupi. Mzee ametuacha alfajiri. Mazishi ni Jumamosi, nyumbani. Nikasema sawa. Akauliza, "Lakini umenisikia?" Nikamwambia nimekusikia. Kisha nikarudi kwenye vyuma vyangu kwa sababu vilikuwa bado vinadondosha mafuta.

Nikiwasimulia watu hapa, huwa wanangoja nifike mahali nilipolia. Watangoja sana. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unauona, lakini hauna habari. Sijivunii jambo hilo wala silionei haya. Ndivyo ilivyokuwa.

Konrodi, kwa asiyejua, ni ule mkono wa chuma ulio ndani ya injini. Juu umeshika pistoni, chini umeshika krenki. Pistoni ikipanda na kushuka, mkono huo ndio unaoizungusha krenki, na krenki ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Injini ya silinda nne ina konrodi nne. Moja ikikatika gari likiwa mbioni, haitulii pale ilipokatika. Inapigapiga ndani mpaka itoboe bloki, ule mwili wa injini, itokee nje, mafuta ya moto yakiifuata, na dereva asipokuwa na bahati magurudumu yanajifunga papo hapo. Nimewahi kuona bloki iliyotobolewa hivyo. Ngumi yangu ilipita.

Gereji yetu iko Sanaya, mtaa wa viwanda, huko Doha ya mafuta na vumbi ambayo haipo kwenye picha za watalii. Injini niliyokuwa nimeifungua ilikuwa ya basi dogo la abiria ishirini na sita, dizeli ya zamani ambayo wenye kampuni walikataa kuizika. Lilikuwa limechemka, likaanza kutoa moshi, nami nikapewa nilifunge upya: ringi, gasketi, beringi, kila kitu. Basi hilo hubeba wanawake wa Kenya na Uganda kutoka nyumba zao za Al Rayyan kwenda kusafisha majengo huko Al Thumama, kila siku isipokuwa Ijumaa.

Nilimwambia msimamizi wetu habari ya baba wakati wa chai. Ni mtu wa Kerala aliyekaa Doha miaka ishirini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mimi na yeye tunaongea Kiingereza kilichovunjika, Kiarabu cha gereji na mikono. Hapa naandika tu tulichomaanisha. Alisimama, akaniwekea mkono begani, akanipa kikombe chake cha karak, chai ya maziwa, ambacho hakuwa amekigusa. Kisha akampigia mudiri, mwenye gereji. Fundi mwenzangu wa dizeli alikuwa kwao likizo, kwa hiyo basi lilikuwa langu peke yangu. Mudiri akasema: alimalize basi kwanza, Alhamisi jioni aende, siku kumi na tano. Tiketi wataikata wao.

Nilihesabu kwa kichwa. Siku tatu za kufunga injini ambayo vipuri vyake vyote viko mezani, zinatosha na chenji inabaki. Ijumaa ningekuwa nyumbani, Jumamosi ningemzika baba yangu. Nikashukuru, nikarudi kazini.

Mchana huo nikaziosha zile konrodi kwa dizeli na brashi, na ndipo nikaona nukta.

Zilikuwa kwenye ubavu ule bapa wa katikati, sehemu nyembamba. Konrodi ya kwanza nukta moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, ya nne nne. Nukta za panchi, kile chuma chenye ncha kinachopigwa kwa nyundo, zimeingia ndani, zimepangwa vizuri. Hakuna fundi wa Kerala wala wa Manila anayeweka alama hivyo. Nilizijua kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Basi lile niliwahi kulifunga mwaka wangu wa kwanza Doha, miaka minne nyuma, nikiwa bado na mikono ya Nakuru.

Baba alikuwa fundi wa jua kali huko Nakuru, na hakusoma. Nambari hakuzijua kuziandika, kwa hiyo kila alichokifungua alikipiga nukta ili kirudi palipotoka. Konrodi na kofia yake, kile kipande cha chini kinachoibana kwenye krenki, ni mke na mume, alikuwa akituambia, usimpe mtu mke wa jirani. Wengine hupiga alama pembeni kwenye kichwa kile kinene cha chini, ambako chuma kina nyama ya kutosha. Yeye alipiga kifuani, katikati, kwa sababu pale ni bapa na macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Mimi nikajifunza kwake nikiwa na miaka kumi na minne. Ukiingia chuoni wanakuambia siku ya kwanza kwamba kila kidonda kwenye kifua cha konrodi ni mahali ambapo chuma kitaanzia kupasuka. Mimi sikuingia chuoni. Nililisikia Doha, kwa fundi Mfilipino aliyenicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo naweka alama kwa kalamu ya wino pembeni mwa kofia. Lakini za basi lile nilikuwa nimekwisha kuzipiga.

Kuna kipimo cha kizamani ambacho pia nilifunzwa na baba. Unaloweka chuma kwenye mafuta ya taa, unakifuta kikauke kabisa, unakipaka unga wa chaki, unangoja. Kama kuna ufa, hata ule ambao jicho haliuoni, mafuta yaliyojificha ndani yake yatatoka polepole na kuilowesha chaki. Nikafanya hivyo kwa zote nne. Tatu zikabaki nyeupe. Ya nukta tatu ikatoa mstari, mwembamba, wa urefu wa punje ya mchele, kutoka kwenye nukta ya katikati kwenda pembeni.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Wahenga hao hawakuwa mafundi wa injini. Ufa wa konrodi hauzibwi.

Jumanne nilizunguka Sanaya nzima kutafuta. Maduka ya vipuri walitikisa vichwa, injini ni ya zamani mno. Kwenye sikrabu, kwa wauza vyuma chakavu, nilipata seti moja iliyopinda na nyingine ambayo si ya injini ile. Duka moja likasema zinaweza kuagizwa Dubai, mpya, siku tano au sita. Nikasimama pale kwenye kaunta chini ya feni, nikahesabu tena siku kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Hazikutosha kwa njia yoyote.

Nilimwambia msimamizi kwamba konrodi moja hainipendezi. Hilo tu. Sikumwambia nukta zimepigwa na nani. Akaichukua, akaiweka kwenye mwanga, akaisogeza karibu na miwani, mbali na miwani.

"Mstari uko wapi?"

"Huo hapo. Chaki iliuonyesha."

"Huu ni mkwaruzo. Piga msasa, ufungie."

"Na kama si mkwaruzo?"

Akanirudishia. "Imekimbia miaka minne. Itashindwa siku kumi na tano? Agiza mpya, ukirudi utabadilisha. Nenda kamzike baba yako."

Sitaki mtu amfikirie vibaya. Mzee huyo alikosa mazishi ya mama yake mwenyewe akiwa Doha, aliniambia mwaka wa nyuma tukila parota, chapati za kwao. Alikuwa ananipa kitu ambacho yeye hakukipata. Na hesabu yake haikuwa ya kijinga. Miaka minne kwa siku kumi na tano, hata mimi niliikubali. Ila sikujua ufa ule ulizaliwa lini. Ungeweza kuwa wa miaka minne, ungeweza kuwa wa wiki iliyopita, siku basi lilipochemka.

Nikapiga msasa. Msasa laini, wenye mafuta, kwa urefu wa chuma na si kwa kukingama, kama inavyotakiwa, nikiondoa nukta ile na mstari wake kidogo kidogo. Kuna kasoro za juu juu ambazo huondoka hivyo na konrodi ikarudi kazini bila taabu, hilo si uongo wa mafundi. Baada ya saa nzima ubavu ule uling'aa. Mstari sikuuona tena. Kilichobaki kilikuwa kuiloweka tena kwenye mafuta ya taa na kuipaka chaki upya. Makopo yote mawili yalikuwa miguuni pangu. Sikuyagusa. Nikawasha redio, nikaanza kufunga pistoni.

Najua nilichokuwa nakifanya. Sikuwa nimechanganyikiwa kwa huzuni, ingekuwa afadhali. Nilikuwa na akili yangu timamu na sikusikia kitu. Nilikuwa nasema moyoni: kama sioni, haupo.

Jumatano kabla ya adhuhuri konrodi zote nne zilikuwa ndani, sijakaza bolti za mwisho, dereva wa basi akaja. Ni kijana wa Changamwe, mcheshi, na anayapenda maneno yake mwenyewe. Alikuwa amefuata kikapu cha chupa za maji alichokisahau chini ya kiti.

"Fundi, pole sana na msiba, nimeskia kwa yule Mhindi. Mungu akupe nguvu."

"Asante."

"Kwa hivyo kesho jioni unaniachia gari? Manake wale mamangu wamenichosha. Kile kibasi wametuazima AC yake ni kufungua dirisha. Jana wameshuka wamelowa kama wametoka kuogelea, na mmoja ana mimba ya miezi sita."

"Kesho jioni."

Akainama, akachungulia injini kana kwamba anaijua. "Basi nambie. Imekaa poa? Naweza kukanyaga? Unajua ile barabara, ukienda themanini wenye Land Cruiser wanakusukuma. Mimi nakanyaga mia, mia na kumi."

Hapo sina budi kueleza. Pale Nakuru, gari lilikuwa halitoki kwenye kiwanja cha baba kwa ufunguo tu. Dereva alikuwa anauliza, naweza kukanyaga? Na baba alikuwa anajibu neno moja: kanyaga. Akishalisema, gari ni la dereva. Asipolisema, dereva alikaa chini akaagiza chai, hata kama ana haraka ya kwenda mbinguni. Niliwahi kuwaona madereva wakimtukana, nao wakakaa. Mimi pia nimelisema neno hilo miaka yote niliyokuwa fundi, Nakuru na Doha, bila kulifikiria. Kijana wa Changamwe alikuwa ananiuliza kwa mazoea tu, huku ananyanyua kikapu chake.

Nikafungua mdomo. Halikutoka.

"Bado," nikasema.

"Bado kivipi, na we unasafiri kesho?"

"Bado nimekwambia. Chukua maji yako."

Akanitazama, akadhani ni msiba, akaenda. Nikashika spana nikaifungua ile ya tatu. Nilikuwa na hasira sasa, na ndicho kitu pekee nilichokisikia wiki ile nzima. Nilimkasirikia baba. Nilimkasirikia kwa kupiga kifuani, kwa macho yake, kwa kutojua kuandika tatu. Nilimkasirikia kwa kufa siku ile na si wiki mbili mbele, na najua hayo si maneno ya mtu mwenye adabu. Kisha nikaloweka, nikafuta, nikapaka chaki, nikakaa juu ya ndoo nikiangalia.

Mstari ulirudi. Ulikuwa mfupi zaidi, lakini ulirudi, na mahali ambapo nilikuwa nimesaga sana chuma kilikuwa sasa chembamba kuliko kinavyopaswa kuwa. Nikaangalia saa. Ilikuwa saa sita na dakika chache.

Nilimpelekea msimamizi ikiwa na chaki yake. Safari hii hakuhitaji kuisogeza kwenye mwanga.

"Nani aliyepiga hivi?" akauliza, akigusa zile nukta mbili zilizobaki.

"Mimi. Miaka minne iliyopita. Zote nne nimezipiga mimi, na zote nne zisirudi."

Akavua miwani. "Mtu hakukuuliza. Kwa nini unaniambia hilo?"

 Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali hiyo sikuweza kuitafsiri kwa Kiarabu cha gereji, na kusema kweli siyo iliyonisukuma. Nilikuwa nimechoka tu kuwa mtu pekee anayejua.

Msimamizi alijaribu kunitetea kwa mudiri, nilimsikia kwenye simu, sauti ikipanda na kushuka. Mudiri hakufoka. Alisema kosa ni langu, basi hilo nilimalize mimi, halafu niende. Mwingine wa kulifunga hayupo. Ukikaa ukalitafakari, hata baba angesema hivyohivyo kwa kijana wake wa kazi. Nilisema sawa. Msimamizi akaagiza konrodi Dubai mchana huohuo. Mimi nikampigia kaka yangu nikamwambia sitafika, kazi imekwama. 

"Kazi," kaka akasema.

"Ndiyo, kazi."

"Ya nani, wewe? Si ni gari la watu?"

Nikamwambia ni gari la watu. Akakata.

Jumamosi msimamizi alinipa ruhusa nikae popote ninapotaka. Nilipanda ndani ya basi lile lisilo na injini, kwa sababu lilikuwa kivulini na lilikuwa na viti, nikaegemeza simu kwenye kiti cha mbele. Mpwa wangu ndiye aliyekuwa ananirushia picha za moja kwa moja. Doha na nyumbani saa ni moja, kwa hiyo jua lao na langu lilikuwa mahali pamoja, ila lao lilikuwa na upepo na watu walikuwa na masweta. Niliona mahema ya kukodi, viti vya plastiki, kwaya ya akina mama wa kanisa. Kwenye kiti cha mbele yangu abiria mmoja alikuwa amesahau kanga yake ya kufunikia kichwa AC ikizidi. Niliitazama kanga hiyo zaidi kuliko nilivyotazama simu.

Mzee mmoja, dereva wa lori wa zamani, akapewa kipaza sauti. Akasema injini aliyoifunga marehemu haikuwahi kurudi gereji. Watu wakaitikia kwa sauti. Kisha mwendesha shughuli akasoma majina ya watoto mmoja mmoja, akafika kwangu, akasema, "Huyu yuko Qatar, kazi haikumruhusu," na nikasikia lile guno la watu wa nyumbani ambalo halihitaji tafsiri. Kaka alipofika kaburini alitupa udongo mara mbili, konzi yake na konzi yangu. Hapo mtandao ukaganda. Uliporudi, vijana walikuwa wamekwisha kushika sepeto na shimo lilikuwa limejaa nusu. Nilikaa mpaka wakamaliza. Halafu nilishuka, nikaenda kuosha bloki.

Konrodi mpya zilifika Jumatatu, kwenye boksi, kila moja kwenye mfuko wa karatasi yenye mafuta. Nikazipima zote kwa chaki hata hivyo. Jumatano saa nane mchana kijana wa Changamwe akaja, akawasha, akasikiliza, akaniuliza swali lake lile. Nikamjibu anavyotaka kujibiwa, akatoka getini akipiga honi kama bwana harusi.

Jioni hiyo nikampigia mama. Hatukuwa tumeongea sawasawa tangu msiba. Kila mara simu yake ilishikwa na shangazi fulani. Sasa wageni walikuwa wameondoka na alikuwa peke yake. Nikamwambia basi limetoka, tiketi ninayo, nitafika Ijumaa. Akasema vizuri. Akaniambia nani alileta nini na nani hakuja kabisa. Kisha akasema, "Mwanangu, watu wameniuliza sana, na mimi sikujua la kuwajibu. Hiyo kazi ilikuwa nini?"

"Kuna chuma kilikuwa na ufa, mama. Ndani ya injini. Gari la kubeba wamama. Ningekirudisha ningefika."

"Nitawaambia hivyo," akasema. "Na baba yako angekuambia ubaki. Yeye chuma chenye ufa hakukirudisha hata siku moja. Alikufunza vizuri."

Konrodi nne za zamani, pamoja na nukta alizonifunza yeye, nilikuwa nimezitupa kwenye pipa la sikrabu asubuhi ile. Mama alikuwa anangoja niseme neno.

"Alinifunza vizuri," nikamwambia, na ndipo nikaanza kulia.